Ukuta Usio na Kondoo

Mimi huchora pembetatu. Huchora pia miraba na duara, na mistari inayotoka ukingo mmoja wa kanvasi hadi mwingine, lakini mtu akiniuliza kazi yangu ni gani huwa naanza na pembetatu, nione uso wake utafanya nini. Wengi hungoja niendelee. Wanadhani pembetatu hiyo ni paa, na kwamba sasa hivi nitataja nyumba, halafu mlango, halafu kuku wawili mbele ya mlango. Nikinyamaza hapo wananionea huruma. Wachache wenye adabu husema, "Hiyo pia ni kazi," kisha tunaongea habari za mvua.

Kazi yangu naifanyia juu kabisa ya jumba moja la Kimbo, Ruiru, kwenye orofa ambayo mwenye nyumba aliianza akaiacha katikati. Nusu ina kuta na mabati, ndiko niliko. Nusu nyingine ni uwazi tu, vyuma vya nguzo vimechomoza na kamba za wapangaji zimejaa nguo. Mwanga huko ni mwingi mpaka unaonea. Asubuhi napenya katikati ya shuka za watu, nafungua mlango, nakoroga rangi. Keateka, mtunza jumba, hupanda mara kwa mara kuangalia tangi la maji, na akipita lazima achungulie.

"Bado uko kwa andakoti?" huniuliza, akimaanisha rangi ya kwanza ya chini.

"Hiyo imeisha."

"Ati imeisha?" Anainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. "Sawa. Lakini ungeongeza hata kandege hapo kwa kona."

Namwambia ndege wako juu ya tangi lake, aangalie huko. Ananicheka, namcheka, anashuka. Tumeishi hivyo miaka na hakuna aliyembadilisha mwenzake.

Nilianzia Thika mjini, kwa mabango. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza kazi kwa fundi aliyekuwa akiandikia maduka: bucha, kinyozi, saluni, duka la dawa, hoteli za chai na mandazi. Kila biashara ilikuwa na picha yake isiyobadilika. Bucha ilitaka ng'ombe anayetabasamu, jambo ambalo sikuwahi kulielewa, kwa sababu ng'ombe yule alikuwa na kila haki ya kulia. Fundi wangu alichora ng'ombe na vichwa vilivyonyolewa, mimi nikaachiwa mipaka: ukanda wa nyekundu na nyeusi kuzunguka bango, miraba midogo iliyosimama kwa ncha, meno ya msumeno. Hapo ndipo nilipopotelea. Ningeshinda siku nzima na mpaka mmoja, nikipanga nyekundu ikae vipi karibu na kijani zisipigane, na yule ng'ombe nikamwona ni mgeni tu aliyejiketisha katikati ya kazi yangu. Mwenye bucha mmoja alirudisha bango akisema wateja wanaangalia pembeni badala ya kuangalia nyama. Fundi alikasirika. Mimi nilifurahi hadi jioni, ila sikumwonyesha.

Baadaye nilisoma sanaa chuoni Nairobi, na huko nikagundua kwamba duniani kuna watu waliochora mipaka peke yake maisha yao yote, bila ng'ombe, na hakuna aliyewafukuza. Tangu siku hiyo sijachora kitu kingine.

Swali lililonifuata toka onyesho langu la kwanza ni hili: hii ina maana gani? Huulizwa na watu walioshika glasi za divai na huulizwa na mama mboga wangu wa pale steji ya matatu. Najibu kwamba haina. Sijibu hivyo kwa maringo, ingawa najua naonekana hivyo, na siku nyingine, mtu akiuliza kwa sauti ya kunipima, maringo kidogo huwa yapo. Kwenye mabango kila rangi ilikuwa inamwamuru mtu: nunua nyama, nyoa hapa, kunywa soda hii. Nilitaka mahali pamoja ambapo jicho linakaribishwa likae tu, lisitumwe popote. Ukishasema pembetatu ni mlima, basi imekuwa mlima, na wewe umeacha kuitazama. Kwa jambo hili mimi ni mkaidi. Wanunuzi wengine wamenikimbia kwa sababu ya ukaidi huo na wengine wamekuja kwa sababu yake, na kwa jumla nakula vizuri, picha zangu ziko kwenye nyumba za watu nisiowajua, na nikiamka nina hamu ya kazi. Sina cha kulalamikia.

Mama yangu anaishi mashariki ya Thika, kwenye shamba nilikolelewa, lenye migomba, mahindi na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mimi ni binti yake wa pili, na kwa mila yetu binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga yeye huniita maitu, yaani mama yangu. Mimi namwita mami. Asiyetujua akitusikia hushindwa kuelewa nani alimzaa nani. Baba alifariki miaka michache iliyopita, na tangu hapo mama akaingia kanisani kwa nguvu zake zote: chama cha akina mama, wagonjwa, mazishi, na zaidi ya yote chai ya baada ya ibada. Chai hiyo ni yake. Yeye ndiye huipika kwenye sufuria kubwa na yeye ndiye huimimina, na anajua kila muumini anataka sukari kiasi gani.

Kanisa lilikuwa limejenga ukumbi mpya kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili, harambee na mikutano ya harusi. Plasta ilipokauka, ukuta wa mbele ukabaki mtupu, mkubwa, na akina mama wakasema uchorwe. Ukuta wa aina hiyo kwetu una picha yake, kama vile bucha ilivyo na ng'ombe: mchungaji na fimbo, mto, mitende, kondoo weupe. Mama yangu akasimama mkutanoni akasema ana msichana anayechora, tena anayejulikana mpaka Nairobi. Alinipigia simu kabla mkutano haujaisha, nikawa nasikia vikombe vikigongana nyuma yake.

"Maitu, nimeshasema utakuja," akaniambia.

"Mami, wanajua ninachora nini?"

"Wanajua unachora."

Nilitengeneza mchoro mdogo wa rangi kwenye karatasi nikaupeleka kwa pasta. Ni kijana mpole, mwenye faili kwapani hata akienda kula. Aliutazama mchoro huo kwa muda wa kutosha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Rangi ni nzuri sana, dada," alisema. "Zimetulia. Wewe endelea tu."

Niliendesha gari kurudi Kimbo nikiimba. Miaka yote ile nikitafuta mtu wa kunielewa bila maswali, kumbe yuko kwenye kanisa la mama yangu! Nilichokuwa sijui ni kwamba pasta alidhani ameonyeshwa mandhari ya nyuma, ile rangi ya kwanza ambayo kondoo wangekuja kusimama mbele yake.

Nilifanya kazi hiyo kuanzia Jumatatu. Sikutumia penseli na rula, ukuta mkubwa hautaki hivyo. Nilitumia kamba iliyosuguliwa kwenye unga mwekundu wa kutilia sakafu rangi. Unaivuta ikaze kutoka alama hadi alama, unaiinua katikati kwa vidole viwili, unaiachia, inapiga ukuta na kuacha mstari ulionyooka kuliko mkono wowote. Kisha unabandika tepu ya karatasi kando ya mstari. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu, kwa sababu rangi mpya hujipenyeza chini ya tepu na ukingo unatoka na manyoya. Dawa yake ni kupitisha kwanza, juu ya ukingo wa tepu, rangi ile ile iliyo chini. Hiyo ndiyo inayoziba. Ukishapaka rangi mpya juu yake na kubandua tepu kabla haijakauka sana, unapata ukingo wa kunyoa nao ndevu. Lakini mpaka siku ya kubandua, ukuta unakuwa madoa na karatasi tupu, mtu anayepita hawezi kujua kitatoka nini.

Mama alikuja kila siku saa nne na chupa ya chai. Aliketi kwenye benchi lililokuwa katikati ya ukumbi na akabaki hapo mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Hakuuliza kitu. Nilikuwa juu ya ngazi, yeye yuko chini, tukiongea habari za majirani, halafu tukinyamaza muda mrefu, na nikiwa na haki ya kuchagua wiki moja ya maisha yangu niirudie, huenda ningechagua ile.

Waliokuwa wakiuliza ni wengine. Akina mama wakipita na maji ya kuosha ukumbi walisimama mlangoni. "Kondoo watakuja lini?" Nilidhani ni mzaha, maana na mimi nilikulia kwenye kuta za kondoo. Nikajibu kwamba wako njiani. Mzee mmoja wa kanisa, mstaafu wa kiwanda kimoja mjini, aliyesimamia ujenzi ule kutoka msingi mpaka paa, alikuja akaweka kidole kwenye sehemu ya kijani.

"Kondoo watasimama hapa?" akauliza.

"Mzee, kondoo wamekataa kuja," nikasema.

Alicheka sana, na mimi nikacheka, tukaachana kila mmoja akijua lake.

Jumamosi nikabandua tepu. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote, ile sauti ya karatasi ikiachana na ukuta. Katikati palitoka pembetatu kubwa ya samawati nzito, kitako chake sakafuni na ncha karibu na dari. Mikanda ya kijani na wekundu wa udongo ilipita nyuma yake kutoka kona hadi kona. Na ndani ya pembetatu, karibu na ncha, palikuwa na duara la manjano lenye duara jingine dogo la kahawia katikati. Niliketi sakafuni nikatazama. Nasema wazi, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijua.

Kesho yake, baada ya ibada, watu waliingia kuuona ukuta. Pasta akaniuliza kwa sauti ya chini kondoo nitaanza nao lini. Nikamwambia hakuna kondoo, kazi imekwisha. Alifungua faili lake akalifunga tena. Wakati huo kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameinua simu akapiga picha, na sauti yake ikafika mpaka nyuma.

"Wasee, hii si ni Iluminati? Pembetatu, na jicho ndani. Iko hata kwa dola, cheki."

Kwetu neno hilo si la mchezo. Tumekua tukisikia habari za kuabudu shetani: shule fulani zilivamiwa, matajiri fulani walitajirika vipi, alama fulani kwenye pete. Mzazi wa kawaida akiona pembetatu yenye jicho juu ya mahali mtoto wake anapoketi, hangoji maelezo. Na ubaya ni kwamba niligeuka kutazama, na mimi pia nikaliona. Duara la manjano, duara la kahawia, ncha ya samawati kama nyusi. Jicho, tena limefunguka vizuri. Nilikuwa nimekaa na mchoro ule wiki kadhaa, tangu ukiwa karatasi, na sikuwahi kuliona. Baada ya kuliona mara moja sikuweza tena kuacha kuliona.

Picha ilienda kwenye WhatsApp ya kanisa kabla watu hawajatoka ukumbini. Mchana ule ule shuka zilishonwa pamoja zikafunika ukuta, na watoto wa Jumapili wakarudishwa kwenye hema la zamani. Wazee wakapanga kikao Jumamosi iliyofuata. Ndoo ya rangi nyeupe ikanunuliwa ikawekwa kwenye kona ya ukumbi, rola juu yake, ili uamuzi ukitoka mtu asipoteze wakati.

Yote hayo ningeyavumilia, nimewahi kukataliwa na watu wakubwa kuliko hao. Kilichoniumiza ni chai. Jumapili ile mama alipoingia jikoni alikuta mwanamke mwingine ameshashika birika. Alimwambia, kwa upole kabisa, "Mama, wewe pumzika leo." Mama akaja kuketi na mimi kwenye gari, mkoba mapajani, akisema hata hivyo mgongo ulikuwa unamuuma. Ndipo nilipoelewa kitakachopotea. Ukuta ukipakwa nyeupe, mimi ningerudi Kimbo kwa pembetatu zangu nyingine. Mama angebaki pale kila Jumapili, yeye aliyemleta kanisani mchoraji wa shetani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuendesha gari mpaka Mombasa bila kusimama.

Katikati ya wiki pasta alinipigia. "Dada, pembe ni tatu, si ndio? Ungesema tu kwamba ni Utatu Mtakatifu, na hiyo jicho ni Mungu anatuona. Kwa kikao useme hivyo, mambo yaishe. Mimi nitakuunga mkono."

Hakuwa ananitega, alikuwa ananisaidia. Nilipoenda kwa mama, nikakuta ameshaambiwa.

"Sema tu ni Utatu, maitu," alisema. "Kwani utakufa?"

"Si Utatu, mami. Ni pembetatu."

"Mungu anajua. Hao wengine si lazima wajue."

Nilijaribu kumweleza. Nikasema kwamba nikikubali hilo moja, kesho mkanda wa kijani utakuwa malisho, na mwekundu utakuwa damu, na ukuta ule utabaki lakini utakuwa bango kama yale ya bucha. Nikasema nimekataa mbele ya watu walioniletea hela, nitakubalije mbele ya watu walioniletea ndoo? Aliendelea kuchemsha maziwa. Mwishoni akasema, "Sawa, maitu," na ile sawa iliniuma kuliko kama angenigombeza. Nilijua ninachomwomba. Nilikuwa nataka kuwa mkweli na gharama alipe yeye.

Jumamosi walikuja wazee na akina mama wachache, wakapanga viti kuutazama ukuta. Shuka zikashushwa. Yule mzee aliyesimamia ujenzi ndiye aliyeongoza, na namshukuru kwamba aliuliza bila ukali.

"Msichana wangu, tuambie hii ni nini."

"Ni pembetatu na duara, mzee. Na mikanda. Nilizipanga zikae vizuri pamoja. Hakuna kitu kimejificha."

"Hiyo pembetatu inasimamia nini?"

"Haisimamii kitu."

Pasta alinitazama kama mtu anayemsukuma mtoto jukwaani. Nikageuza macho kwenye ukuta. Viti vikalia.

"Kwa hivyo hata wewe mwenyewe hujui ulichora nini," mzee akasema.

"Najua. Nilichora hiyo."

Mtu wa nyuma akashangaa, "Hai!" Mzee akavua miwani, akaifuta. "Mimi sina vita na wewe," alisema. "Lakini hapa watoto wataketi. Mzazi akiniuliza ni nini hii, nimwambie nini? Nimwambie si kitu? Ukuta wote huu, si kitu?" Akatazama kwenye kona, kwenye ndoo. "Kuna mwingine wa kusema, kabla tumalize?"

Mama yangu akasimama. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha chama na sweta la buluu. Aligeuka mpaka akauelekea ukuta kabisa, wazee wakawa wanamwona kwa upande.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen," wakajibu, kwa sababu hilo hujibiwa hata na mwenye hasira.

"Mimi sijui hii ni nini. Msichana wangu amesema si kitu, na huyu hajui kudanganya, hata akiwa mdogo alikuwa anajisema mwenyewe, anachapwa. Lakini nataka kuwaambia jambo moja. Nyinyi mnajua tangu tumzike mzee wangu usingizi ulinihama. Mmeniombea hapa mara ngapi? Sasa ile wiki alikuwa anachora, mimi nilikuwa nakuja kuketi kwa hiyo benchi. Na nikalala. Mchana, nimeketi, mbele ya hiyo ukuta. Nililala kama mtoto." Akaweka sawa kitambaa. "Shetani halazi mtu. Yeye ni wa kuamsha. Ni hayo tu."

Aliketi. Nilikumbuka kwamba kweli, Alhamisi ile, niligeuka juu ya ngazi nikamwona kichwa kimeinama na macho yamefungwa, nikapaka polepole ili nisimwamshe. Wale akina mama wote walikuwa wakimtazama yeye, si ukuta.

Mzee alivaa miwani yake tena. "Ati ulilala saa ngapi?" akauliza.

"Kutoka chai mpaka karibu saa nane."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Mzee aliutazama ukuta kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti tofauti kidogo, kwamba yeye pia tangu astaafu hulala akitumia dawa, na hata hiyo dawa imechoka. Mtu akacheka, halafu wengine. Akasema haoni haraka ya ile ndoo, rangi haiozi, ukuta ukae tuone. Pasta akaomba sala ya kufunga kwa haraka, kabla mtu hajabadilisha nia. Walipotoka, yule mwanamke wa birika alimshika mama mkono akamuuliza kesho chai itahitaji majani kiasi gani.

Nyumbani mama alivua viatu, akajifunga leso juu ya nguo ya kanisa, tukaketi jikoni kumenya waru, yaani viazi. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka sijui nianzie wapi. Nimeandikwa gazetini, nimesifiwa na watu waliosomea kusifu, lakini hakuna aliyewahi kusema juu ya kazi yangu jambo nililolitamani kama lile: kwamba mtu aliketi mbele yake akapumzika. Nikataka kumwambia hivyo.

"Mami, hapo uliposema ulilala..."

"Nilale wapi?" akasema. "Benchi ni ngumu hivyo!"

Niliacha kumenya. "Lakini nilikuona. Macho yalikuwa yamefungwa."

"Nilikuwa nimeyafunga. Hiyo jicho yako ilikuwa inaniangalia." Akatupa ganda kwenye karai. "Ngai, maitu, mimi niliogopa kabla yao wote. Siku ile uliweka hiyo raundi ndani ya hiyo pembe, nikajua ni ile kitu husemwa. Nikafunga macho nikaanza kuomba. Wiki yote ni kuomba."

"Ukiomba nini?"

"Kwamba kama ni ya huyo mwingine, Mungu aichukue iwe yake kabla umalize."

"Na bado ukasimama mbele ya wazee!"

"Sasa ningefanya nini? Wewe umekataa kudanganya, na pasta hawezi. Nani angebaki?" Alichukua kiazi kingine. "Hiyo nitaongea na Mungu mwenyewe, tunajuana."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote kidogo. Mtu pekee aliyeiokoa kazi yangu alikuwa ameketi mbele yake wiki nzima akiwa amefumba macho kwa woga. Nikamuuliza kama bado anaiogopa.

"Leo nilipokuwa naongea niliiangalia vizuri," alisema. "Mara ya kwanza. Nikaiangalia yote, toka juu mpaka chini." Akafikiri, kisu kikiwa hewani, na alipojibu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea mbali kuona kitu akakikuta kidogo. "Maitu, ni rangi tu. Hakuna kitu hapo."

Nilimwambia asante. Akaniuliza asante ya nini, akanituma chumvi.